Alishinda, kisha akarudi nyumbani

Kila mwaka, masika yanapoingia Tanga na maji kutuama vichochoroni mwa mtaa wetu, huko Ulaya baridi huanza kulegea na miti kuchipua. Majira hayo mawili yasiyojuana hukutana nyumbani kwetu, juu ya kioo cha simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Aprili sisi hufuatilia mbio za baiskeli za siku moja zinazofanyika Italia, Ubelgiji na Ufaransa, ambazo wapenzi wake huziita mbio za machipuko.

Majirani hutushangaa. Mpira wanaujua, na ligi ya Uingereza wanaijua pengine kuliko Waingereza wenyewe. Lakini baiskeli? Katika mji wetu baiskeli ni chombo cha kazi: hubeba mikate alfajiri, mkaa mchana, na watoto watatu kwa mpigo kwenda madrasa. Kukaa saa nzima kutazama watu wakipiga pedeli bila kubeba chochote huonekana ni upungufu wa shughuli. Tumeulizwa mara nyingi tunapata nini humo. Makala haya ni jibu letu, na jibu lenyewe halikuishia kwenye baiskeli.

Tulivyoingia

Tulipoanza, nyumba ilikuwa na bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mama, na watoto watatu, na baba, ambaye kazi yake ilikuwa Dar es Salaam na kwetu akirejea mwisho wa mwezi. Katika ujana wake baba alikaa kwa fundi baiskeli miaka miwili. Mpaka leo akishika gurudumu hutambua spoku zilizolegea kwa kuzigusa tu. Mwezi Julai 2015 alipata habari kwamba kijana wa Eritrea, Daniel Teklehaimanot, amevaa fulana nyeupe yenye madoa mekundu katika Tour de France, fulana ya anayeongoza kwa kupanda milima, na kwamba hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kuivaa kabla yake. Alitupigia simu usiku huohuo kana kwamba aliyevaa ni mjomba wetu.

Tour de France ndiyo ijulikanayo zaidi, lakini ni mbio za wiki tatu. Aliyeshindwa leo ana kesho, na aliyeanguka Jumatatu huweza kufidia Alhamisi. Sisi tulivutwa na mbio za machipuko kwa sababu hazina kesho. Watu hujiandaa miezi, hukimbia saa sita au zaidi, na pancha moja yaweza kumaliza yote hadi mwaka ujao. Bibi alipoelezwa jambo hilo alisema ni kama mtihani wa darasa la saba. Hatujawahi kupata maelezo mafupi zaidi ya hayo.

Mbio zenyewe

Katika kalenda nzima kuna mbio tano za siku moja zilizo kongwe na zenye heshima kuliko nyingine, na wenyewe huzifananisha na minara ya kumbukumbu. Nne kati yake huangukia majira haya. Ya tano hufanyika Lombardia, Italia, miti inapopukutisha majani.

Ya kwanza ni Milano–Sanremo, iliyoanzishwa mwaka 1907. Urefu wake unakaribia kilomita 300, na kwa sehemu kubwa ya siku hakuna kinachotokea. Kundi husafiri kama msafara, likishuka kuelekea bahari ya Liguria, kila mtu akimchunguza mwenzake. Kisha unafika mlima mdogo uitwao Poggio, usiofika hata kilomita nne, na pale ndipo siku nzima huamuliwa kwa dakika chache. Machi 2022 Matej Mohorič wa Slovenia, akikimbilia timu ya Bahrain, alikuja na baiskeli ambayo kiti chake huweza kushushwa njiani, akateremka Poggio kwa namna iliyotufanya tuzibe macho, akashinda.

Ya pili ni Ronde van Vlaanderen, yaani mzunguko wa Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji. Iliasisiwa mwaka 1913 na mwandishi wa habari, Karel Van Wijnendaele, na kwa watu wa kule ni kama sikukuu. Hawauziwi tiketi ya kusimama barabarani. Baba, mama na watoto hutoka na viti vyao, bendera ya simba mweusi na chakula cha mchana, wakangoja wapite. Milima yake ni mifupi lakini mikali. Paterberg una mita 360 tu, ila mwinuko wake hufikia asilimia 20. Koppenberg ni mkali zaidi, hufikia asilimia 22, na umetandikwa mawe. Mwaka 1987 Mdenmark Jesper Skibby alianguka hapo akiwa mbele ya wote, na gari la msimamizi wa mbio likapita juu ya baiskeli yake. Mlima huo uliondolewa katika mbio hadi mwaka 2002.

Ya tatu ni Paris–Roubaix. Ilianza mwaka 1896, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waandishi walipopita katika nchi iliyobomolewa kwa mizinga, wakaiita jehanamu ya kaskazini. Siku hizi haianzii Paris bali Compiègne, na kati ya kilomita zipatazo 260, kiasi cha 55 ni barabara za mashamba zilizotandikwa mawe, kila jiwe ukubwa wa bofulo. Mawe ya mbio hizi hayalingani, yamepinda, na mvua ikinyesha huteleza kama yamepakwa mafuta. Lipo pori la Arenberg, ambamo njia ya mawe hupita katikati ya miti kwa zaidi ya kilomita mbili. Aliyeipendekeza ni Jean Stablinski, mwendesha baiskeli aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, na mgodi aliofanyia kazi ulikuwa chini ya njia hiyohiyo. Miaka ya karibuni mbuzi wamepelekwa humo kula nyasi zinazoota kati ya mawe. Habari hiyo ya mbuzi ndiyo iliyomfanya bibi aanze kuyachukulia mambo haya kwa uzito.

Mshindi wa Roubaix hupewa jiwe. Halina vito wala dhahabu, ni jiwe la barabarani lililowekwa juu ya kibao. Mwaka 2016 lilichukuliwa na Mwaustralia Mathew Hayman, mtu wa miaka 37 aliyezoea kuwatumikia wengine. Wiki sita kabla alikuwa amevunjika mkono. Alifanya mazoezi nyumbani juu ya baiskeli isiyokwenda popote, kisha akaja kumshinda Tom Boonen, aliyekuwa akitafuta ushindi wake wa tano.

Ya nne, na iliyo kongwe kuliko zote, ni Liège–Bastogne–Liège ya mwaka 1892, katika vilima vya kusini mwa Ubelgiji. Hiyo ndiyo hufunga majira.

Katikati ya hizo kuna nyingine ndogo kwa jina lakini si ndogo kwa uzito, na mojawapo ni Gent–Wevelgem, ambayo ndiyo chanzo hasa cha makala haya.

Namna ya kutazama

Mgeni wa mbio hizi huona rangi tu. Sisi wenyewe ilituchukua misimu miwili kujua tunachokiona. Adui wa kwanza wa mwendesha baiskeli ni upepo. Anayekaa nyuma ya mwenzake hukingwa, na huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo kila timu ina watu ambao kazi yao ni kukaa mbele, kukata upepo, kuleta chupa za maji, na ikibidi kumpa kiongozi gurudumu au hata baiskeli nzima. Hawa hufanya kazi yao kamera zikiwa bado hazijaamka, na majina yao hayaandikwi. Baba huwatafuta hao kwanza. Husema fundi mzuri humjui mpaka siku asipokuwapo.

Adui wa pili ni nafasi. Kabla ya kila kipande cha mawe njia huwa nyembamba, na watu zaidi ya 150 hutaka kuingia miongoni mwa 20 wa kwanza. Anayeingia wa 60 amekwisha hata kama miguu yake ni mizima, kwa sababu mmoja akianguka mbele yake, wote walio nyuma husimama.

Tuseme pia yasiyopendeza. Mchezo huu umewahi kuchafuliwa na dawa za kuongeza nguvu. Lance Armstrong alinyang'anywa ushindi wa Tour de France mara saba mwaka 2012, na tangu hapo shabiki mwenye akili hushangilia huku jicho moja likiwa wazi. Aidha, mbio nyingi hupambwa kwa matangazo ya kamari. Katika nyumba yetu hilo halina mjadala: tunatazama, hatubashiri kwa fedha.

Juma zito

Machi 2022 ilianza vibaya kwetu. Tarehe 21, Muitaliano Sonny Colbrelli alimaliza hatua ya kwanza ya mbio za Catalonia, Uhispania, katika nafasi ya pili, kisha akaanguka akiwa amekwisha kuvuka mstari. Moyo wake ulikuwa umesimama. Waliokuwapo walimwahi na akaokolewa, lakini baadaye aliwekewa kifaa cha kulinda moyo, na maisha yake ya mashindano yakaishia hapo.

Huyu hakuwa mgeni kwetu. Haikuwa imetimia miezi sita tangu ashinde Paris–Roubaix ya Oktoba 2021, iliyosogezwa hadi mwezi huo kwa sababu ya maradhi ya korona. Mvua ilikuwa imenyesha, na walifika wakiwa wamepakwa matope hadi haikujulikana nani ni nani. Colbrelli alijitupa chini kwenye nyasi akilia, kisha akainua baiskeli yake juu. Watoto waliigiza tukio lile uani kwa siku kadhaa. Sasa tulikuwa tukisoma habari zake za hospitali.

Mama aliuliza kama inafaa kuendelea kutazama. Tulikumbushana pia habari ya Mbelgiji Michael Goolaerts, kijana wa miaka 23, ambaye moyo wake ulisimama katikati ya Paris–Roubaix ya tarehe 8 Aprili 2018, akafariki usiku ule. Hatukuwa na jibu. Bibi alisema tu kwamba kila mmoja wa watu hawa ana mlango unaongojwa ufunguliwe. Hatukulitilia maanani sana neno hilo siku ile.

Jumapili ya saa iliyobadilika

Shabiki wa Afrika Mashariki ana tatizo ambalo Mbelgiji halijui. Jumapili ya mwisho ya Machi, Ulaya husogeza saa zake mbele. Jumamosi tunawatangulia kwa saa mbili, Jumapili tunawatangulia kwa saa moja tu. Mbio zinazomalizika saa kumi na nusu jioni kwao, wiki moja huwa ni saa kumi na mbili na nusu kwetu, na wiki inayofuata huwa ni saa kumi na moja na nusu. Mwaka ule Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 27 Machi, siku ya Gent–Wevelgem, nasi tulisahau kabisa.

Tulikuwa tumepanga kufungua simu saa kumi na mbili, ili kubana bando. Binti wetu wa pili aliichukua mapema kwa shughuli zake, akakuta ujumbe wa baba kutoka Dar es Salaam: "Mko wapi? Girmay yuko mbele." Alipiga ukelele uliomtoa mama jikoni na mwiko mkononi.

Biniam Girmay tulikuwa tukimjua. Alizaliwa Asmara mwaka 2000, katika nchi ambayo baiskeli zililetwa na Waitaliano walioitawala, kisha wenyeji wakaifanya mali yao hata mbio za kuizunguka Eritrea zikaanza mwaka 1946. Siku mbili kabla, Ijumaa, alikuwa ameshika nafasi ya tano katika mbio nyingine ngumu za Flanders. Lakini nafasi ya tano ni jambo moja na kuongoza ni jambo jingine.

Tulipofungua picha, walikuwa wamebaki wanne: Girmay, Mfaransa Christophe Laporte, na Wabelgiji Jasper Stuyven na Dries Van Gestel. Nyuma yao kundi lilikuwa likiwakimbiza na pengo likipungua. Bando letu lilikuwa likikatika na kurudi, kwa hiyo tuliona kilomita za mwisho kama mtu anayechungulia kupitia uzio wa makuti. Picha ilipotulia walikuwa wameingia barabara iliyonyooka. Girmay alianza mbio zake za mwisho kutoka mbali, mapema mno kwa macho yetu, na kijana wetu mkubwa akasema, "Ameharibu." Laporte alimkaribia, lakini hakuwahi kumpita. Girmay alivuka mstari wa kwanza huku amejishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amewahi kushinda mbio kubwa za mawe za machipuko. Tulikumbatiana. Bibi, aliyekuwa na tasbihi mkononi, aliuliza, "Ni wetu?" Tukamwambia ni wa Asmara, ni Mkristo wa kule, na bara ni moja. Akasema, "Basi ni wetu."

Nani ana haki naye?

Furaha yetu ilidumu kama saa moja. Baadaye jioni tukasoma kwamba Girmay hatakimbia Ronde van Vlaanderen Jumapili inayofuata, wala Paris–Roubaix. Anarudi Asmara. Hakuwa amemwona mkewe na binti yake mdogo kwa takriban miezi mitatu, na mpango wake tangu mwanzo ulikuwa kurudi. Kushinda hakukubadilisha mpango.

Tulikasirika, na leo tunakiri. Kijana wetu mkubwa alisema kwamba nafasi kama ile hairudi: miguu iko moto, dunia nzima inatazama, na wiki moja tu imebaki. Binti akasema hata yeye angengoja siku saba zaidi. Baba, tuliyemweka kwenye spika ya simu, alikuwa mkali kuliko wote. Alisema mwanamume humaliza kazi kwanza ndipo arudi kwao, na kwamba familia itafaidika zaidi na jiwe la Roubaix kuliko na mwezi mmoja wa kukaa.

Bibi aliacha kuvuta tasbihi. "Huyo mtoto wake ana umri gani?"

Tukamwambia bado mchanga, hajatimiza miaka miwili.

"Hizo mbio ziko mwaka ujao?"

Tukasema zipo kila mwaka.

"Basi mbio zitamngoja. Mtoto hatembei hatua ya kwanza mara mbili."

Spika ilikaa kimya. Sote nyumbani tulijua sababu, isipokuwa kitinda mimba. Siku chache kabla, baba alikuwa ametuarifu kwamba Ramadhani ile hatafungua nasi nusu ya kwanza. Kulikuwa na kazi za ziada ghalani na malipo yake yalikuwa mazuri. Mama alikuwa amejibu "haya" na hakuongeza neno. Bibi hakulitaja jambo hilo wala hakumtaja mwanawe, alikuwa akizungumzia kijana wa Asmara. Lakini baba alikata simu mapema jioni ile, akisema betri imekwisha.

Funga ya kwanza

Jumamosi iliyofuata, baada ya Isha, mlango ulibishwa. Alikuwa baba, na begi lake, na mfuko wa tende. Alimpa bibi shikamoo, akaketi, akaomba maji. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Jumapili tarehe 3 Aprili katika nyumba yetu ilikuwa funga ya kwanza, na pia ilikuwa siku ya Ronde. Baada ya Alasiri tulikusanyika. Jikoni kulikuwa na mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, na harufu yake ilifika hadi kwenye simu. Tuliwatazama watu wakinywa maji na kula njia nzima ya zaidi ya kilomita 270, nasi koo zimekauka. Kitinda mimba aliuliza kama mtu aliyefunga angeweza kumaliza mbio zile. Bibi alisema mwenye safari ya namna hiyo ana ruhusa yake, asisumbuliwe.

Walichomoka wawili, Mathieu van der Poel wa Uholanzi na Tadej Pogačar wa Slovenia. Kila mlipanda ulipofika Pogačar aliongeza mwendo, na kila mara yule Mholanzi alibaki kwenye gurudumu lake kwa kukunja uso. Walipofika mwisho walikuwa peke yao, na ushindi ulikuwa wa mmoja wao bila shaka yoyote. Ndipo wakaanza kuviziana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumkatia upepo mwenzake. Wakapunguza mwendo, wakatazamana, karibu wasimame. Nyuma yao wakaja wawili wengine waliokuwa wamekwisha kusahauliwa. Van der Poel aliwahi kuruka na akashinda. Pogačar, aliyekuwa na nguvu kuliko wote siku nzima, alibanwa katikati akamaliza wa nne, akarusha mikono juu kwa hasira.

Baba alicheka kidogo. "Alikuwa nayo mkononi," alisema, "akangoja mno." Kisha akainuka kwenda kumsaidia mama kupakua, jambo ambalo si desturi yake.

Hatusemi kwamba Girmay ndiye aliyemrudisha. Mwenyewe husema alifuata mihogo. Na kurudi kule hakukuwa bure: malipo ya ziada ya siku zile yalipotea, mwajiri alinung'unika, na viatu vya shule vya binti vilisubiri mwezi mwingine. Tunayataja hayo kwa sababu mara nyingi magazeti huandika kwamba familia kwanza, bila kuandika kwamba neno hilo lina bei.

Yaliyofuata

Girmay alirudi Ulaya baada ya kukaa na watu wake. Mwezi Mei, katika mbio za Giro d'Italia, alimshinda Van der Poel huyohuyo katika hatua iliyomalizikia Jesi, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio kubwa za wiki tatu. Jukwaani alipewa chupa ya mvinyo aifungue kwa kushangilia, kama ilivyo ada yao, na kizibo kikaruka kikampiga jichoni. Akalazimika kujitoa. Aprili 2023 alianguka katika Ronde na kuumia kichwa. Wako waliosema nyota yake imezimika, na kwamba angeitumia ile wiki ya mwaka 2022 angekuwa na cha kujivunia zaidi.

Julai 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France, ya kwanza ikiwa Turin, na akamaliza mbio akiwa na fulana ya kijani ya mwenye pointi nyingi kuliko wote. Mbio zilikuwa zimemngoja.

Binti wetu naye ana wake. Katika Paris–Roubaix ya kwanza kabisa ya wanawake, Oktoba 2021, Mwingereza Lizzie Deignan alitoka peke yake zikiwa zimesalia zaidi ya kilomita 80, akafika Roubaix na damu ya viganja kwenye usukani. Alikuwa mama wa mtoto mdogo, aliyeacha mbio kumzaa na kisha akarejea. Binti huyo humtaja kila mara kaka zake wanapodai kwamba nyumba na mbio haviwezi kukaa pamoja.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Humo katikati ya jiji mlikuwa na mlima wa mawe wa Kimihurura, na watu wa Rwanda walijaa pande zote mbili za barabara kama tulivyozoea kuwaona Wabelgiji. Pogačar alishinda. Sisi tulitazama zaidi wale waliosimama pembeni: kina mama na watoto mgongoni, wanafunzi na sare zao, wazee walioegemea baiskeli zao za mizigo.

Bibi hakuiona Kigali. Alitutoka mwishoni mwa mwaka 2024. Tulipohesabu baadaye tuligundua kwamba baada ya Ramadhani ile ya mwaka 2022 zilibaki mbili tu za kufunga naye. Baba alikuwapo katika funga ya kwanza ya zote tatu. Alipatana na mwajiri wake kwamba siku hizo atakatwa mshahara, na anakatwa mpaka leo. Ukiuliza leo habari za vile viatu vya shule, hata binti mwenyewe hakumbuki vilichelewa.

Masika yanarejea. Kijana wetu mkubwa, ambaye sasa anasoma mbali na nyumbani, ndiye mwenye kazi ya kutukumbusha kila Jumapili ya mwisho ya Machi kwamba saa ya Ulaya imebadilika. Hutuma ujumbe mapema asubuhi. Mwaka uliopita aliongeza swali chini yake: futari ni saa ngapi, na basi la mwisho la kuja Tanga huondoka lini.